Chumvi ya Ofisi ya Amana

Kila asubuhi, kabla ya kufagia veranda, mlinzi Chèndo aliteremsha chupa mbili za soda ndani ya birika la mvua zipate ubaridi. Birika hilo lilikuwa chini ya ua wa nyuma, limejengwa kwa mawe na wenye nyumba wa kale, enzi ambazo kila jumba la mtaa wa Scharloo lilikunywa maji ya paa lake. Tangu bomba lilipofika kisiwani, mjini Willemstad, birika lilikaa kavu, na aliyebaki akijua faida yake alikuwa Chèndo na kamba yake. Jumatatu moja ya mwezi wa Agosti alivuta kamba saa ya chakula, na chupa zikatoka zinachuruzika.

Alipitisha kidole kwenye maji yaliyolowesha chupa, akalamba, akatema. Kisha akavua kofia na kuingia ndani kumwambia Ludwina Isenia, kwa sababu Ludwina ndiye aliyekuwa mkurugenzi.

"Mwanangu, birika lina maji."

Ludwina alikuwa anatia saini. Hakuinua kichwa. "Mvua imenyesha lini?"

"Mvua gani? Mwaka huu haijanyesha hata ya kumlowesha mjusi mkia."

"Basi bomba limepasuka huko chini."

"Bomba la wapi hilo linaloleta maji ya chumvi?"

"Bahari basi. Imepenya."

"Bahari naijua," alisema Chèndo. "Nimeimeza sana utotoni. Bahari ina ladha ya samaki na mafuta ya meli. Haya hayana. Hii ni chumvi ya mtu."

Ludwina akasema watamwita fundi, akageuza ukurasa, akatia saini nyingine.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, ya manjano, na mlangoni kulikuwa na kibao cha shaba kilichosema kwamba hapa ni ofisi ya amana. Ndani, ukuta mzima wa ukumbi ulikuwa visanduku vya barua, kila kimoja ukubwa wa tofali, na kila kisanduku kilikuwa kampuni. Kampuni hizo zilichezesha kamari mitandaoni, katika nchi ambazo Ludwina hakuwahi kuzikanyaga. Mitambo yao ilikuwa nchi moja, benki zao nchi nyingine, wenyewe walikuwa nchi ya tatu, kama walikuwa popote. Hapa palikuwa na anwani tu. Lakini sheria ya kisiwa ilitaka penye anwani pawe na mtu: mkurugenzi, mkazi, mwenye jina na kitambulisho. Kwa sehemu kubwa ya ukuta ule, mtu huyo alikuwa Ludwina.

Ukurugenzi ulimpata kama mtu anavyopatwa na mafua. Alikuwa karani tu. Siku moja Bwana Winkelaar, mwenye ofisi, aliitazama saini yake chini ya barua ya kuagiza karatasi za chooni, akasema, "Una mkono mzuri, Bi Ludwina. Mtu akiiona saini hii anapata usingizi." Ilikuwa kweli. Masista walimfundisha kuandika herufi za duara, zilizoshikana kama watoto wanaovushwa barabara. Mshahara ukaongezeka kidogo. Kazi ilibaki ile ile, ila karatasi alizokuwa akizipeleka kwa mwingine zitiwe saini, sasa ziliishia kwake.

"Nizisome kwanza?" aliuliza siku ya kwanza.

"Ukitaka," alisema Bwana Winkelaar kwa upole. "Lakini ni nyingi."

Baba yake, mzee Eustacio, alipopata habari alivaa shati la kanisani katikati ya wiki, akaenda kwenye kibanda cha bia cha mtaa wa Buena Vista, wanakocheza dhumna, akawanunulia wenzake wote. Meza ile ilikuwa na sheria yake ya miaka mingi. Mtu akikamatwa anaficha kete, hapigwi wala hatukanwi. Anaendelea kucheza, lakini kwa mwezi mzima anakaa mgongo wake umeelekea barabara, ili kila apitaye aone mgongo wa mwizi. Mzee Eustacio hakuwahi kukaa hivyo hata mara moja. "Damu yangu haijui kuficha kete," aliwaambia, akigonga meza mpaka kete zikaruka. "Mimi nilijua zamani. Sasa na wakubwa wamejua."

"Kaa chini, baba wa mkurugenzi, ni zamu yako," walimwambia, na jina hilo likamkaa.

Kampuni mojawapo ya ukuta ule ilikuwa na mchezo ulioitwa Gurudumu la Jua. Kwenye simu lilionekana gurudumu kubwa, na mwanamke mwenye gauni la kumetameta akilizungusha. Likisimama kwenye jua, aliyeweka pesa kwenye jua alirudishiwa mara hamsini. Mwalimu mmoja wa Chile, mtu wa subira, alilirekodi tangu likizo ya shule ilipoanza mpaka ilipokwisha, akagundua jambo dogo: gurudumu lilisimama kwenye jua pale tu ambapo hakuna mtu yeyote aliyeweka pesa kwenye jua. Akaionyesha dunia. Dunia ilikasirika kwa siku chache. Kampuni ikatoa tangazo kwamba inathamini sana imani ya wachezaji wake, ikambadilishia yule mwanamke gauni, na gurudumu likaendelea kuzunguka.

Ni wiki hiyo ndipo chupa za Chèndo zilipolowa.

Fundi wa bomba alikuja, akafunga maji ya nyumba nzima. Birika likazidi kupanda. Mtu wa kampuni ya maji alipima, akasema maji haya si yao, kwa hiyo hawawezi kuyazuia wala kuyatoza. Bibi wa afya akasema hayana vijidudu. Mtu akipenda anaweza kuyaogea. Mwisho akaja ofisa wa serikali anayesimamia michezo ya bahati, bwana mnene mwenye tai ya buluu. Alipiga magoti kando ya birika, akaonja.

"Ni machozi," alisema.

"Tulidhani hivyo," alisema Bwana Winkelaar.

"Ya wachezaji?"

"Masharti ya mchezo yanasema kila lalamiko lipelekwe kwenye anwani iliyosajiliwa. Anwani iliyosajiliwa ni hapa."

Ofisa alijipangusa magoti. "Basi yamefika panapostahili. Sisi tunasimamia leseni. Machozi hayana leseni."

"Na gurudumu?" aliuliza Ludwina.

Wote wawili walimtazama kana kwamba kiti kimesema.

"Gurudumu haliko kisiwani, bibie."

"Basi nani anawajibika?"

Ofisa alifungua mkoba, akapekua, akasoma. "Mkurugenzi," alisema. "Isenia, L. Ndiye nani huyo?"

"Ni mimi."

"Ahaa." Akampa mkono. "Hongera. Una saini nzuri." Kisha akaomba kahawa, akapewa, akaenda zake.

Mezani kwa Ludwina kulikuwa na simu ambayo haikuwahi kulia, maana namba yake ilikuwa imeandikwa mwisho kabisa wa masharti, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Sasa ilianza kulia. Wengi walitukana, wakakata. Mama mmoja wa Fortaleza, upande wa Brazili, hakutukana. Jina lake lilikuwa Dona Iracilda, na Kireno chake na Kipapiamentu cha Ludwina vilielewana kama mabinamu waliokutana msibani.

"Sipigi kwa ajili ya pesa, mwanangu," alisema. "Pesa najua zimeshakwenda. Nataka machozi yangu."

"Vipi, mama?"

"Jumamosi tumemzika dada yangu. Huyo ndiye aliyenilea. Nimesimama kaburini macho makavu kama mchanga, majirani wananikodolea: huyu naye ana roho gani? Tangu nilipoumizwa na gurudumu lenu, nikilia hayatoki. Nayasikia kabisa yanaondoka, lakini hapa usoni hayafiki. Yanakwenda wapi?"

Ludwina alitazama dirishani. Uani, Chèndo alikuwa anapima kina cha birika kwa mti wa ufagio.

"Yako huku, mama."

"Huko ofisini?"

"Ndiyo. Uani."

"Yako salama?"

"Salama. Yamefunikwa."

"Haya, angalau," alisema Dona Iracilda. Akashukuru, akakata simu.

Mzee Eustacio alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha kusafisha mafuta mpaka kilipozimwa, na akiba iliyobaki ilikuwa ya kwenda Kolombia kupasuliwa, kama wafanyavyo watu wa kisiwa wenye jicho au goti. Ludwina alikwisha kuomba likizo ya kumsindikiza. Mzee aliapa kwamba siku atakapofunguliwa bendeji, kitu cha kwanza atakachotazama ni uso wa binti yake, "nione ukurugenzi umekuzeesha kiasi gani." Alipenda kulisema hilo, na Ludwina alipenda kulisikia, maana ni miaka sasa baba yake alikuwa anamwona kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia.

Jioni ya siku ile ya simu ya Dona Iracilda alimkuta baba yake amekaa mezani, ameinamisha kichwa nyuma, anajaribu kujitilia dawa jichoni na tone linaangukia sikioni.

"Lete nikusaidie. Dawa gani hii?"

"Ya kulowanisha. Daktari kasema machozi yamenikauka. Uzee huo. Kila kiungo kinastaafu kwa zamu yake."

Ludwina alikishika kile kichupa bila kukifungua. "Yamekauka tangu lini, Baba?"

"Sijui. Wiki mbili tatu."

"Baba. Unacheza nini kwenye simu?"

Mzee alicheka kidogo, kama mtoto aliyekutwa mdomo una sukari. "Nani kakuchongea? Nilitaka nikushangaze. Pesa za upasuaji zilikuwepo, lakini si za wewe kulala hotelini kama mtu. Ungelala kwenye kiti cha hospitali, mkurugenzi mzima. Halafu nikaota mama yako anafunua chungu, na ndani ya chungu kuna jua."

Kwenye kisiwa hicho ndoto haipotezwi. Ukiota mazishi, kuna namba yake ya bahati nasibu. Ukiota iguana, kuna namba yake. Asubuhi unakwenda kuinunua kwa mama wa namba kabla haijapoa. Lakini jua la mzee Eustacio mama wa namba aliligeuza huku na huku, akasema lina namba nyingi mno, hawezi kumdanganya. Jirani ndiye aliyemwonyesha gurudumu.

"Usinione mjinga," mzee aliendelea. "Najua mitandao imejaa wezi. Kwa hiyo kwanza nilichunguza." Alichukua kioo chake cha kukuzia maandishi, akaisogeza simu mpaka ikakaribia kumgusa pua, akamwonyesha alivyofanya: alivyoteremka kupita picha, kupita masharti, mpaka chini kabisa kwenye sakafu ya ukurasa. Palikuwa na jina la kampuni. Palikuwa na anwani ya Scharloo. Na chini ya anwani palikuwa na saini ya herufi za duara, zilizoshikana kama watoto wanaovushwa barabara.

"Nilipoiona hii, nikaweka," alisema mzee. "Nikasema, hapa mlangoni yupo mwanangu. Nani ataniibia?"

"Umeweka zote?"

"Jua halikutoka." Aliifuta simu kwa shati, akailaza kifudifudi. "Ndoto niliisoma vibaya. Pengine ilikuwa ni chungu, si jua. Haya, nitilie dawa."

Ludwina akamtilia. Matone mawili kila jicho. Yalimtiririka mzee mashavuni, akayapangusa kwa kiganja, akasema yana baridi.

Kesho yake aliingia kwa Bwana Winkelaar bila kubisha hodi.

"Nataka kuandika kwamba Gurudumu la Jua ni la wizi, na watu warudishiwe pesa zao. Kama mkurugenzi."

"Andika," alisema Bwana Winkelaar, akampa karatasi na kalamu yake mwenyewe.

Aliandika akiwa amesimama. Bwana Winkelaar alisoma, akasifu mpangilio wake, akaibandika stempu, akatoka nayo ukumbini na kuitumbukiza kwenye kisanduku cha kampuni. "Imefika," alisema. Na kwa kuwa barua za kampuni hufunguliwa na mkurugenzi, jioni Ludwina alikifungua kisanduku, akaipokea, akaisoma upya. Ilikuwa barua nzuri. Hakuwa na mtu wa kumpelekea.

"Basi najiuzulu," alimwambia Bwana Winkelaar.

"Nakuelewa kabisa. Lakini mkurugenzi hatoki mpaka apatikane mwingine, anwani haiwezi kukaa bila mtu. Ukimpata mwenye mkono kama wako, mlete tumwone."

"Sitatia saini tena hata karatasi moja."

"Hilo halina neno," alisema Bwana Winkelaar, na upole wake ulikuwa wa kweli. "Saini yako imo kwenye kompyuta tangu mwaka juzi. Inajitia yenyewe. Wewe ulikuwa unatia kwa mazoea tu, nasi hatukutaka kukuvunja moyo."

Ludwina alirudi mezani kwake. Dirisha lake lilitazama barabara, na wapita njia walizoea kumwona uso. Alikigeuza kiti, akakaa mgongo wake umeelekea dirisha, mikono mapajani. Makarani wenzake walidhani jua linamwumiza macho. Chèndo peke yake, aliyekuwa akipita na kamba yake, ndiye aliyesimama akauangalia ule mgongo. Naye alikuwa mcheza dhumna.

"Mwezi mzima?" aliuliza.

"Sijui, Mzee Chèndo. Kete ni nyingi."

Chèndo akatikisa kichwa, akaenda kuufagia ua.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Ludwina alimketisha baba yake jikoni, akamweleza. Alieleza taratibu, kwa maneno ya kawaida, kama anavyomweleza bei ya vitu sokoni.

"Baba, gurudumu lile ni la wizi. Mtu akiweka kwenye jua, jua haliji. Limetengenezwa hivyo."

"Nani kasema?"

"Mwalimu wa Chile. Na mimi nasema."

"Na saini?"

"Ni yangu. Nilitia bila kusoma."

Mzee Eustacio alipapasa meza mpaka akaupata mkono wake. "Una huruma kama mama yako," alisema. "Unaona baba kapoteza, unataka ulibebe wewe. Acha. Nimeshindwa kihalali. Mwanamume akishindwa hulipa, akaenda kulala."

"Hukushindwa, Baba. Umeibiwa."

"Usiseme hivyo."

"Umeibiwa, na jina langu ndilo lililokuita uingie."

"Usiseme hivyo kuhusu jina letu!" Sauti ya mzee ilipanda mpaka kuku wa jirani wakanyamaza. Kisha ikashuka, ikawa ndogo. "Ludwina. Nikiambiwa macho ndiyo hayo yamekwenda, nitavumilia. Nimeyatumia vya kutosha. Lakini ukiniambia saini yako ni ya uongo, mimi nitabaki na nini?"

Alingoja ajibiwe. Macho yake ya maziwa yalikuwa yameelekea kidogo pembeni ya Ludwina, pale alipodhani uso wa binti yake ulipo. Ludwina alisogea, akaupeleka uso wake pale macho yalipokuwa yanatazama.

"Haya, Baba," alisema.

"Ndiyo mwanangu huyo. Nipakulie sasa."

Kufika Oktoba birika lilikuwa limejaa mpaka kwenye mfuniko, na Bwana Winkelaar akaogopa msingi wa nyumba. Akaweka pampu, maji yakamwagwa uani. Upepo wa kisiwa na jua vikafanya kazi yao. Baada ya siku chache ua ulikuwa mweupe, na mke wa Bwana Winkelaar, mwenye duka la watalii kule mtaa wa Punda, alipita kumletea mumewe chakula, akainama, akachota chumvi kidogo, akainyunyiza kwenye yai.

Tangu siku hiyo Chèndo alipewa reki na kofia mpya. Asubuhi aliparua chumvi, akaikusanya vichuguu vichuguu, akaianika juu ya maturubai. Bibi wa bibi yake aliparua chumvi ya Waholanzi kwenye madimbwi ya Jan Kok, chini ya jua kama hili, mtumwa asiye na hata jina la ukoo. Chèndo alikuwa na jina la ukoo, na bima. Aliimba wimbo ambao mama yake alimwimbia, ila maneno alikuwa ameyasahau, kwa hiyo aliguna tu. Soda zake alizihamishia kwenye friji ya ofisi.

Chumvi ilisifiwa sana. Watalii wa meli waliinunua ikiwa kwenye vichupa vyenye kizibo cha mti na utepe, wakaandika mitandaoni kwamba inayeyuka polepole ulimini na hufanya chakula kionekane kama kinakumbuka kitu. Ikasajiliwa kuwa kampuni, ikapewa kisanduku chake ukutani. Kisheria, bidhaa ya kula ilihitaji uthibitisho kwamba ni safi na imepatikana kwa haki, na uthibitisho ulihitaji mkurugenzi. Kompyuta ikatia saini ya Ludwina.

Dona Iracilda alipiga simu tena, kujulia hali.

"Bado yapo?"

Ludwina alijibu bila kugeuza kiti. "Mengine yamekauka, mama."

"Yakikauka huwa chumvi tu."

"Ndiyo, mama."

"Basi msiitupe," alisema Dona Iracilda. "Chumvi kuitupa ni mkosi."

"Hatuitupi," alisema Ludwina.

Siku za upasuaji zilikuja zikapita. Likizo aliyoiomba aliitumia kumshika baba yake mkono kumpeleka kwenye meza ya dhumna, ambako sasa alizisoma kete kwa ncha za vidole, na wenzake walingoja bila kumharakisha. Siku moja aliupapasa uso wa binti yake kwa vidole vile vile, tangu paji mpaka kidevu, akasema hajazeeka sana.

Mwaka ulipofikia ukingoni, kila ofisi ya mji ilitandika pagara mbele ya mlango wake. Ni mkanda mrefu wa fataki nyekundu, huchomwa ili mabaya ya mwaka yasivuke kizingiti kuingia mwaka mpya, na biashara iliyofanikiwa hujulikana kwa urefu wa mkanda wake. Wa ofisi ya amana ulianzia mlangoni, ukakunja kona, ukaenda mpaka karibu na daraja. Ulilipuka wakati watu wamekula chakula cha mchana na kuisahau kahawa, moshi ukafunika mtaa, makarani wakaziba masikio wakicheka. Ulipokwisha, barabara nzima ilikuwa imetandikwa vipande vya karatasi nyekundu. Chèndo alikwenda uani kuangalia. Birika, lililokuwa limekwisha kukaushwa, lilikuwa limepanda kiasi cha kiganja.

"Mwaka huu umekuwa mzuri," alisema Bwana Winkelaar, akagawa vikapu vya sikukuu. Kila mfanyakazi alipata kipande cha nyama ya nguruwe, chupa ya divai, na kichupa cha chumvi chenye utepe.

Mwaka mpya, saa ya chakula, Ludwina alimkaangia baba yake samaki mwekundu na kumsongea ugali wa funchi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kwa ajili ya upepo. Yeye alikaa mgongo wake umeelekea barabara.

"Mkurugenzi! Heri ya mwaka mpya!" walimwita majirani waliopita wamevaa nguo mpya.

"Heri na kwenu," alijibu bila kugeuka.

"Geuka uwaitikie watu kwa uso, mwanangu."

"Nimezoea hivi, Baba."

Mzee alionja samaki, akatafuna. "Hujatia chumvi."

"Nimesahau."

"Leo mwaka mpya, unasahau chumvi? Si uliniambia mmepewa?" Alipapasa kwenye kikapu kilichokuwa kando ya kiti chake, akapita divai, akakipata kichupa. Utepe ulimtaabisha, akaukata kwa meno. Ludwina alinyoosha mkono kukichukua, lakini mzee alikwisha kukiinua kwenye mwanga. "Ya wapi hii? Siku hizi wanauza hata vumbi la chokaa. Nipe kioo changu."

Ludwina hakumpa. Mzee akakitafuta mwenyewe mfukoni, akakipata, akasogeza kichupa, kioo na jicho lake la kulia mpaka vyote vitatu vikagusana. Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Alifika chini ya lebo, akakawia hapo muda mrefu.

Kisha akatabasamu.

"Mbona hukuniambia umetia saini wewe?" alisema mzee Eustacio, akakiinamisha kichupa juu ya samaki, akanyunyiza, akaonja, na akanyunyiza tena.